Bomba la Kelele Halisimamishi Pikipiki

Waendesha pikipiki wa Marekani wana kaulimbiu moja ambayo kwa miongo kadhaa imeshonwa kwenye jaketi na kubandikwa kwenye kofia ngumu, nayo hudai kwamba bomba lenye kelele huokoa maisha. Hurudiwa kila majira ya joto yanapoanza na maduka ya vipuri yanapofufua matangazo yao, na imeota mizizi kiasi kwamba kijana anayenunua pikipiki ya aina ya supamoto kwa ajili ya barabara za mjini huambiwa, kabla hata hajajua namna ya kuibana breki ya mbele, kwamba kitu cha kwanza kubadilishwa ni bomba la moshi, yaani ekzosi. Ushauri huo ni mbaya. Unamnyang'anya kijana fedha ambazo zingempatia matairi, breki na shokapu zinazomfaa, kisha unamwachia sauti, na ubaya wake unazidi kwa kuwa hutolewa kwa jina la usalama.

Supamoto ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya vumbi na matuta, nyepesi, yenye kimo kirefu na aghalabu injini ya pistoni moja, ambayo imevuliwa magurudumu yake ya porini ikavishwa rimu ndogo za inchi 17 na matairi ya lami. Chimbuko lake ni kipindi cha televisheni. Mwaka 1979 mwandaaji wa mashindano Gavin Trippe alishirikiana na kituo cha ABC kuwakutanisha mabingwa wa motokrosi, wa mbio za udongo na wa mbio za lami katika uwanja wa Carlsbad, California, kwenye njia iliyochanganya lami na udongo, ili ijulikane nani hodari kuliko wote. Shindano hilo liliitwa Superbikers. Lilipokoma katikati ya miaka ya 1980, Wafaransa na majirani zao ndio walioulea mchezo huo, hadi ukapata ubingwa wake wa dunia mwaka 2002. Katika safari yote hiyo kilichoipambanua supamoto ni uwezo wa kuchelewesha breki hadi mlangoni mwa kona, kuikata kona kali na kutoka kwa wepesi, wala hakuna kilichopambanuliwa na ukubwa wa sauti.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kiwandani kwenyewe. Suzuki ilianza kuuza DR-Z400S, pikipiki ya porini inayoruhusiwa barabarani, mwaka 2000, na mwaka 2005 ikaleta toleo la supamoto lililoitwa DR-Z400SM. Injini ilibaki ileile ya sentimita za ujazo 398, kabureta ikabaki, gia tano zikabaki. Vilivyobadilika ni rimu, matairi, diski ya breki ya mbele iliyokuzwa, pamoja na shokapu za mbele, ambazo sasa zilikuwa za mtindo wa kupinduliwa, yaani mrija mnene uko juu na mwembamba uko chini, mpangilio unaopunguza kujipinda pale breki inapobanwa kwa nguvu. Wahandisi walipotaka kuigeuza pikipiki ya porini iwe ya barabara hawakuigusa nguvu ya injini. Waligusa sehemu zinazokutana na lami na sehemu zinazoizuia pikipiki. Inasikitisha kwamba mnunuzi hulipia kazi hiyo nzuri, kisha mwezi wa kwanza anakimbilia kubadilisha kile ambacho wao waliona hakina haja.

Sababu ya wao kuwa sahihi imo katika utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa University of Southern California na kuchapishwa mwaka 1981, baada ya timu yake kuchunguza ajali zipatazo 900 za pikipiki mjini Los Angeles, palepale zilipotokea, na kupitia maelfu ya ripoti za polisi. Utafiti huo ulibaini kwamba katika ajali ya kawaida mwendeshaji hupata muda usiotimia sekunde mbili wa kufanya lolote la kujiokoa, na kwamba katika muda huo wengi waliibana breki ya nyuma kupita kiasi hadi gurudumu likaburuzika, huku breki ya mbele, iliyo na uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha, ikitumika chini ya uwezo wake. Sekunde mbili hizo ndizo mizani ya kupimia kila kipuri. Kifaa chochote kinachotaka fedha za mwendeshaji wa barabarani kinapaswa kuulizwa kinafanya nini ndani ya sekunde mbili, na bomba la moshi, liwe la titani au la kaboni, halina la kujibu.

Watetezi wa kelele husema kwamba dereva wa gari atasikia na kwa hiyo hataingia njiani. Hoja hiyo ni dhaifu kiasi cha kushangaza watu wazima kuishikilia. Utafiti huohuo wa Hurt ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilizosababisha ajali zilikuwa mbele ya mwendeshaji, ndani ya nyuzi 45 upande huu au ule wa mstari wa mbele, ilhali mdomo wa bomba unaelekea nyuma, kwa watu ambao tayari amekwisha kuwapita. Dereva anayekata kushoto mbele ya pikipiki yumo ndani ya chumba kilichofungwa vioo, kiyoyozi kinavuma na muziki unapiga, na wakati sauti inapomfikia kwa uzito wa kumshtua, sekunde mbili zimekwisha. Kinachoamshwa kwa hakika ni mtoto mchanga kwenye ghorofa ya tatu.

Kelele hiyo ina gharama nyingine ambayo wanaoisababisha hawailipi peke yao. Tangu mwaka 1986 kanuni za shirikisho la Marekani zimeweka kikomo cha desibeli 80 kwa pikipiki mpya za barabarani, na desibeli ni kipimo ambacho ongezeko la 10 humaanisha nishati ya sauti mara kumi, si nyongeza ndogo kama tarakimu zinavyodanganya. California ilichoka hadi ikatunga sheria inayotaka pikipiki zilizoundwa tangu mwaka 2013 ziwe na mabomba yenye alama ya kuthibitisha kiwango hicho. Wenye nyumba wanalalamika, halmashauri zinasikiliza, njia za porini zinafungwa, na waendeshaji watulivu waliokuwa wakizitumia kwa adabu wanafungiwa nje pamoja na wakorofi. Baada ya hapo wakorofi haohao hulaumu wanamazingira.

Ipo pia hoja ya nguvu. Injini ya DR-Z400SM hutoa takribani nguvu za farasi 40, na muuzaji wa bomba huonyesha mchoro ambao mstari mwekundu unapanda juu ya mstari wa bluu, bila kutaja kwamba mistari hiyo huachana zaidi kwenye mizunguko ya juu ya injini, mahali ambapo mtu anayekwenda kazini kupitia taa za barabarani hafiki mara nyingi. Kabureta yake hupima petroli kwa vitundu vidogo viitwavyo jeti, na jeti za kiwandani tayari zimebana mafuta ili moshi uwe safi. Bomba lililo wazi likifungwa bila jeti kubadilishwa, mchanganyiko unazidi kuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, injini inapata joto na bomba linapasuka-pasuka kila mkono unapolegeza mafuta. Wapo wanaofurahia mipasuko hiyo wakidhani ni dalili ya mbio, nayo ni dalili ya injini isiyolishwa vizuri. Kama haja ni msukumo wa kuondokea kwenye taa, spoketi ya mbele ya meno 15 ikibadilishwa kwa ya meno 14 huongeza msukumo kwenye gurudumu la nyuma kwa takribani asilimia 7 katika kila gia, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya bomba.

Hesabu ya kusimama ndiyo inayopaswa kuning'inizwa ukutani katika kila duka la vipuri. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Ikiwa matairi, breki na mkono vinaweza kwa pamoja kupunguza mwendo kwa mita 8 kwa sekunde katika kila sekunde, itasimama baada ya mita 17 na nusu hivi tangu breki ianze kushika. Ikiwa tairi ni gumu kwa uzee, pedi zimekuwa kioo na mwendeshaji anaogopa breki ya mbele, kiasi kwamba uwezo huo unashuka hadi mita 5, itahitaji mita 28. Kinachotisha zaidi ni kwamba pale ambapo pikipiki ya kwanza imekwisha kusimama kabisa, ya pili bado inakwenda karibu kilomita 37 kwa saa. Mwendo huo unatosha kuvunja shingo, na hakuna kiasi cha sauti kinachoupunguza.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na supamoto nyingi zinazouzwa mitumba zina matairi yenye kashata nzuri ambayo mpira wake umekauka kwa kukaa gereji. Fedha ya pili ni ya breki: pedi bora, mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa na huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na mpira wa breki uliofumwa kwa nyuzi za chuma cha pua, ambao hauvimbi kama ule wa kiwandani vidole vinapobana.

Shokapu zinastahili maneno zaidi kwa sababu ndizo zinazopuuzwa kuliko vyote. Supamoto hurithi kutoka porini shokapu zenye mwendo mrefu, ambao kwa DR-Z400SM ni takribani sentimita 26 mbele, na springi zake huchaguliwa kwa mtu wa uzito wa kati ambaye kiwanda kimemkadiria. Mtu mzito zaidi akiketi, pikipiki inazama. Akibana breki, uzito wote unakimbilia mbele, shokapu zinakunjika hadi mwisho wa mwendo wake, na tairi linalogonga kibonde wakati huo halina tena kinacholisukuma lifuate ardhi, hivyo linaruka na kushika kunapotea. Kipimo chake kinahitaji rula na mtu wa kusaidia: urefu kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyowekwa juu yake hupimwa gurudumu likiwa hewani, kisha hupimwa tena mwendeshaji akiwa ameketi na mavazi yake yote, na tofauti ya vipimo hivyo, inayoitwa mzamo, kwa matumizi ya barabarani inafaa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote. Isipopatikana kwa kukaza springi, springi zibadilishwe. Bei yake aghalabu iko chini ya bei ya bomba zima, lakini springi hazionekani wala hazisikiki mtu anapopita mbele ya mkahawa, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Ugonjwa huohuo ndio unaouza vioo vidogo kama sarafu visivyoonyesha kitu, taa za kona zisizoonekana mchana, na mikia iliyokatwa hadi nambari ya usajili imejificha chini ya tairi. Pikipiki ambayo kaulimbiu yake ni kutaka isikike imefanyiwa kila jitihada isionekane.

Utafiti wa Hurt ulikuta pia kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe au kwa ndugu na rafiki. Kwa bei ya bomba mtu anaweza kulipia mafunzo ya breki na bado akabakiwa na fedha ya pedi. Anachohitaji baada ya hapo ni eneo la wazi lililo tupu asubuhi ya Jumapili, kipande cha chaki na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, akibana breki ya mbele kwa kuongeza nguvu polepole badala ya kuikamata ghafla, huku mwenzake akichora mstari mahali gurudumu linaposimama, na kuendelea hivyo hadi mistari itakapoacha kusogea karibu zaidi.