Kubuni Si Kusingizia



Alinijia mzazi mmoja baada ya sala ya Isha, ameficha kitabu ndani ya koti lake kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita. Juu ya jalada pana mwanamume mwenye upanga, na mwanamke asiyejisitiri, na nyuma yao mbingu nyekundu. Akaniambia: "Sheikh, nikichome?" Nikamwuliza: "Umekisoma?" Akasema: "Hasha! Nisome upuuzi huu?" Nikamwambia: "Basi niachie mimi, kisha tutazungumza."

Nimekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, na sikukomea hapo. Nimesoma na vingine vya mwandishi yule yule, na khabari za maisha yake. Na haya nitakayoyasema najua yatanipatia lawama za pande mbili. Wako wasemao kwamba kila hadithi ya kubuni ni uwongo, na mwenye kuisoma anaharibikiwa. Na wako wasemao kwamba hadithi ni hadithi tu, haina la kuulizwa. Kwangu mimi wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawakitazami kilichomo ndani ya kitabu.

Mwandishi mwenyewe ni Edgar Rice Burroughs, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1875 akafa mwaka 1950. Kitabu ni *A Princess of Mars*, yaani binti mfalme wa Mirihi. Mtu huyu alikuwa ameshindwa na kazi nyingi. Aliingia askari wa farasi huko Arizona, akaachishwa mwaka 1897 kwa sababu ya moyo wake. Akachimba dhahabu pamoja na ndugu zake, haikumtoa. Akawa polisi wa reli, akawa karani. Ilipofika mwaka 1911 alikuwa na miaka 35, ana mke na watoto wawili, naye anahangaika kuuza vichongeo vya penseli. Hali ilimfikisha kuweka rahani mapambo ya mkewe ili wapate kula.

Katika shughuli zake alikuwa akikagua matangazo ya biashara katika magazeti ya hadithi za bei rahisi. Akizisoma zile hadithi akaona kwamba, ikiwa watu hulipwa kwa maneno kama haya, na yeye aweza kuandika mabovu kama hayo. Akaanza kuandika juu ya mgongo wa karatasi kuukuu za biashara iliyokufa. Hadithi yake ya Mirihi ilitoka kidogo kidogo katika gazeti moja, tangu Februari mpaka Julai mwaka 1912, akalipwa dola 400. Aliona haya kutia jina lake, akataka aitwe "Normal Bean", maana yake mtu mwenye kichwa kizima, asije akadhaniwa mwenda wazimu. Mpiga chapa akadhani limekosewa, akaandika "Norman". Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, akatoa hadithi ya Tarzan. Baada ya hapo hakurudi tena kwenye vichongeo. Aliandika vitabu zaidi ya 60. Mwaka 1919 alinunua shamba kubwa karibu na Los Angeles akaliita Tarzana, na mtaa uliopo hapo unaitwa hivyo mpaka leo.

Hapa nasimama kidogo nimpe mtu haki yake, kwani uadilifu ni wajibu hata kwa yule tunayemlaumu. Mtu aliyeanguka mara nyingi, naye ana watoto wa kulisha, akashika kalamu akafanya kazi usiku na mchana, huyo hatumcheki. Vijana wetu wakaao barazani wakingojea kazi iwafuate wana la kujifunza kwake.

Na hadithi yenyewe ya Mirihi ni ya namna gani? Askari mmoja, John Carter, anajikuta ghafula katika sayari ya Mirihi. Huko wako watu wa kijani wenye mikono minne, na watu wekundu wenye miji na majahazi yarukayo hewani. Anapigana kila baada ya kurasa tatu. Anampenda binti mfalme, Dejah Thoris, binti anatekwa, anamwokoa, anatekwa tena. Mwisho wanaoana, na yule bibi hazai mtoto kama wazaavyo wanawake, bali anataga yai! Niliposoma pale nilicheka peke yangu hata jamaa zangu wakaniuliza nina nini.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: ni nani atakayedanganyika na yai lile? Hapana. Msomaji yuajua, na mwandishi yuajua kwamba msomaji yuajua. Huku ndiko kubuni. Wawili wamekubaliana kwenda safari ya mawazo, na wote watarudi nyumbani. Zama zile mtaalamu wa nyota Percival Lowell alikuwa akieneza kwamba Mirihi ina mifereji iliyochimbwa na wenye akili, na Burroughs akajenga juu ya dhana hiyo. Mwaka 1965 chombo kilichoitwa Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha, na mifereji haikuonekana. Je, nani alidhurika? Bali Carl Sagan, mtaalamu mkubwa wa mambo ya sayari, alieleza kwamba vitabu hivi alivisoma utotoni na vikamtia hamu ya kuijua Mirihi. Watu wa Mirihi hawakuvunjiwa heshima, kwa kuwa hawako.

Sisemi kitabu hiki hakina ila. Mavazi ya waliomo ni kama hayapo, na mtoto mdogo hafai kupewa. Na mapenzi yaliyomo ni ya kutekwa na kuokolewa tu: mwanamke ni ngawira, hapewi nafasi ya kushauriwa jambo. Kijana akidhani ndoa ni kumshinda adui kwa upanga, atakuja kushangaa siku ya kwanza atakapoambiwa unga umekwisha. Hayo ni makosa ya kuzungumza na mtoto, nayo yanazungumzika.

Kosa kubwa la mtu huyu haliko Mirihi. Liko huku kwetu.

Huyu Tarzan, ambaye sote twamjua, amewekwa Afrika. Na Burroughs hakutia mguu wake Afrika hata siku moja. Katika kitabu cha kwanza watu weusi ni wala watu, wenye meno yaliyochongwa, na shujaa wake anatundika tangazo mlangoni kujisifu kwamba amewaua wanyama na watu weusi wengi. Katika kitabu cha pili kuna kabila analoliita "Waziri", na mkuu wao naye jina lake ni Waziri! Neno ambalo kila mtoto wa pwani analijua maana yake, yeye amelifanya jina la kabila la mwituni. Na wanaokuja kulishambulia kabila hilo ni Waarabu watafutao pembe za ndovu. Katika kitabu kingine yupo shekhe anayeiba mtoto wa kike wa Kifaransa akamlea kwa mateso. Mimi niandikaye haya watu huniita sheikh, nikajiona nasoma khabari zangu nisizozijua.

Sikatai yaliyokuwako. Biashara ya utumwa ilikuwako pwani yetu, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Aibu hiyo ni yetu kuikubali, na asiyeikubali hana haki ya kulalamika juu ya mwandishi yeyote. Lakini katika vitabu hivi hayuko mwalimu wa chuo, wala nahodha mwaminifu, wala mama anayebembeleza mwanawe. Zaidi ya hayo, shujaa wake wa Mirihi, yule John Carter, amemfanya askari wa majimbo ya Kusini ya Marekani, yaani upande uliopigana ili utumwa usiondoshwe. Kwa hiyo utumwa wa Mwarabu ni uovu, na aliyeutetea utumwa wa Virginia ni shujaa. Mizani gani hii?

Atasema mtu: "Zama zile wote waliandika hivyo, naye hakujua." Nami nitamjibu kwa khabari moja tu. Hadithi ya Tarzan ilipotoka gazetini mwaka 1912, mlikuwa na chui milia katika misitu ya Afrika. Wasomaji wakamwambia kwamba mnyama huyo hayuko Afrika. Kitabu kilipopigwa chapa mwaka 1914, chui milia ameondoshwa, mahali pake pana simba jike. Basi ona, ndugu msomaji! Mnyama alipokosewa, alisahihishwa. Watu walipokosewa, waliachwa vile vile. Mtu aliyepata nafasi ya kutengeneza akatengeneza la mnyama akaliacha la binadamu, huyo hawezi kusema hakujua kwamba kitabu chaweza kusahihishwa.

Wala si kwamba safari zilimshinda. Vita vikuu vya pili vilipofika Bahari ya Pasifiki mwaka 1941 alikuwa Honolulu, naye katika miaka yake ya sitini akatoka kuwa mwandishi wa khabari za vita. Njia ya kwenda kuona aliijua. Afrika hakuona haja ya kuiona, kwani ilikwisha kumtajirisha bila ya kuonwa.

Na dhara yake tumeionja wenyewe. Senema ya kwanza ya Tarzan ilitoka mwaka 1918, na nyingi zikafuata. Utotoni mwangu tulikusanya senti zetu tukaenda kuzitazama. Mzungu yule alipopita hewani amening'inia kamba za mwituni, tulipiga makofi. Watu weusi walipoanguka, tulipiga makofi vile vile. Hapana hata mmoja wetu aliyegeuka kumtazama aliyekaa kiti cha pili akaona kwamba ndiye aliyeanguka. Hii ndiyo kazi ya kusingizia: humfanya msingiziwa akashangilia pamoja na msingiziaji.

Na tusidhani kwamba kubuni ni mali ya wageni. Miaka mia saba na zaidi kabla ya Tarzan, Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu wa mfalme, aliyefariki Marrakesh mwaka 1185, alitunga hadithi ya Hayy bin Yaqdhan. Ni mtoto aliye peke yake kisiwani, amenyonyeshwa na paa. Paa anapokufa, mtoto anatafuta ni kitu gani kilichomtoka mama yake, na kwa kuuliza huko anapanda daraja baada ya daraja: mwili, roho, nyota, mpaka anajua kwamba yuko Muumba. Hadithi hii ilifasiriwa kwa Kilatini ikapigwa chapa Oxford mwaka 1671. Watoto wawili wamelelewa na wanyama. Mmoja akili yake imemfikisha kumjua Mola wake, na wa pili amefikia kutundika idadi ya aliowaua. Tofauti si kwamba mmoja ni wa kweli na mwengine wa kubuni, maana wote wawili ni wa kubuni.

Na karibu zaidi na nyumbani, Shaaban Robert alitoa *Kusadikika* mwaka 1951, khabari za nchi iliyo angani. Hapana ramani yenye nchi hiyo. Lakini mwenye kuisoma hukuta humo dhulma ya watawala na ushujaa wa mtu mmoja mbele ya baraza, akasema: hawa nawajua. Hakuwasingizia watu walio hai kwa mambo wasiyoyafanya. Alibuni nchi isiyokuwako ili aseme kweli juu ya nchi zilizoko.

Lakini lawama ya mwisho si ya Burroughs, kwani yeye amekwisha kwenda mbele ya haki. Ni yetu. Ni nyumba ngapi za pwani zenye hadithi ya Hayy? Mwanao wa miaka kumi na sita ana njaa ya safari, ya hatari, na ya mapenzi. Njaa hiyo ameumbwa nayo, wala huiondoi kwa kuchoma karatasi. Ukimnyima chakula nyumbani atakula kwa jirani, nawe huna haki ya kulalamikia mapishi ya jirani hali jiko lako ni baridi.

Yule mzazi aliporudi nilimpa kitabu chake. Nikamwambia: "Usikichome. Mrejeshee mwanao, nawe kisome pamoja naye, na kila kitabu umfundishe kukiuliza masuali matatu. Nani anayesema? Je, amewaona anaowasema? Na lau wale wanaosemwa wangekuwapo, wangejibu nini?" Alinitazama kama mtu aliyetumwa kazi nzito kuliko aliyoitaka, na kwa hakika ni nzito. Kuchoma kitabu ni dakika moja. Kukisoma na mwanao ni majuma.

Na wewe kijana unayesoma hadithi hizi kwa siri chini ya mto, nina neno lako. Mtu yule alianza na miaka 35, hana kitu, kwenye migongo ya karatasi zilizokwisha kutumika. Wewe una Kiswahili, una bahari, una khabari za manahodha na za bibi zako. Mirihi bado haina mwenyewe. Andika majahazi yetu yakifika huko, andika na mapenzi yenye heshima ndani yake, na ukimbuni mtu mbuni upendavyo. Lakini ukimtaja mtu aliye hai, au taifa lililo hai, kwanza nenda ukaonane nao.

Wabillahi tawfiq.