Tupime maji na damu kabla ya kutoa kibali cha mafuta

Msomaji, kabla ya mgonjwa kuingizwa katika chumba cha upasuaji, mambo mawili hufanywa. Kwanza huelezwa atakachofanyiwa, naye akikubali hutia sahihi. Pili hupimwa presha, damu na mkojo, na matokeo yote huandikwa katika faili yake. Faili hiyo ndiyo itakayotuonyesha baadaye kama tatizo alilo nalo limeletwa na upasuaji, au alikuja nalo kutoka nyumbani.

Kuchimba mafuta nako ni kuipasua ardhi. Swali langu kwa wanaotoa vibali ni hili: iko wapi faili ya watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo?

Tuchukue mfano wa Turkana. Mnamo Machi 2012 kampuni ya Tullow Oil ilitangaza kuwa imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar. Juni 2018 malori yalianza kuyasafirisha hadi Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka bandarini. Katika miaka hiyo mabishano makubwa yalihusu mgao wa pesa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 iliipa serikali kuu asilimia 75, kaunti 20 na wenyeji 5. Ni haki wenyeji wapate chao. Lakini asilimia tano haimrudishii mtu afya iliyokwisha kuharibika.

Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi tangu jadi. Inapozidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huuma na hata kupinda. Sasa fikiria mfugaji anayelalamika kuwa maji ya kisima chake yamebadilika ladha tangu mtambo uletwe, na watoto wake wanaumwa na tumbo kila mara. Kampuni inajibu kwamba maji hayo yalikuwa mabaya tangu zamani. Ni nani mkweli? Ikiwa hayakupimwa mwanzoni, daktari hana la kumsaidia mfugaji huyo. Hata kampuni isiyo na hatia haina la kujitetea nalo.

Wenzetu wa Nigeria wameyaona haya. Mafuta yaligunduliwa katika nchi ya Waogoni mwaka 1958, na uchimbaji ukasimama mwaka 1993. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapa Nairobi, lilitoa ripoti yake kuhusu eneo hilo mwaka 2011. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale, karibu na bomba la mafuta, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye kemikali iitwayo benzini kwa kiwango kinachopita mara 900 kile kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Benzini hudhuru uboho, mahali damu inapotengenezewa, na huweza kuleta saratani ya damu. Madhara yake huja polepole. Mtu hunywa kwa miaka asijue lolote. Hapo ndipo ubaya wa kupima kwa kuchelewa.

Mimi sipingi mafuta. Nchi inahitaji mapato, na vijana wa Turkana wanahitaji kazi. Ninachotaka ni kibali kiambatane na faili. Kila kisima wanachonywea watu na mifugo kipimwe kabla ya mtambo kuwasili. Zahanati za hapo ziweke hesabu ya wenye kikohozi, pumu, magonjwa ya ngozi na mimba zilizoharibika. Wenyeji wanaokubali wapimwe damu. Anayeomba kibali alipe gharama, lakini kazi ifanywe na maabara isiyo chini yake, na irudiwe kila mwaka.

Nakala moja ibaki zahanatini. Kampuni huja na kuondoka: mwaka 2025 Tullow ilikubali kuiuzia Gulf Energy mali yake ya Kenya. Wenyeji hawana pa kuhamia.

Wako watakaosema kuwa masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Kuchimba kisima kimoja cha mafuta hugharimu mamilioni ya dola. Anayeweza kulipa hizo hashindwi kulipia chupa za maji ya kupimwa.

Nawe msomaji wa mjini, usidhani haya hayakuhusu. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inataka ripoti ya athari za mradi itangazwe magazetini ili umma utoe maoni. Ni lile tangazo la herufi ndogo ambalo wengi wetu hulipita tukitafuta habari za kandanda. Ukiliona, lisome, kisha uwaandikie NEMA na uwaulize: maji yamepimwa? Mfugaji wa Lokichar huenda asilipate gazeti siku hiyo. Wewe unalo mkononi.