Ni Nani Atakayeirudisha Pilipili Yetu?

Watu wengi hudhani kwamba ukali wa pilipili huua vidudu vyote. Sivyo. Vidudu viitwavyo salmonela hukaa katika pilipili kavu miezi mingi bila kufa, na vikiingia katika chakula chenye maji huanza kuzaana.

Mwaka 1993, katika nchi ya Ujerumani, viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa unga wa pilipili viliwaletea ugonjwa watu wapata 1,000, wengi wao watoto. Tena, mwaka 2009 na 2010, watu 272 waliugua Marekani kwa ajili ya nyama kavu iliyopakwa pilipili. Lakini kule wenye viwanda walitangaza mali ile irudishwe. Waliwezaje? Kila pakiti ilikuwa na jina la kiwanda na namba yake.

Sasa tutazame hapa Kasungami. Mama ananunua pilipili ya kusagwa kwa kijiko, imefungwa katika kipande cha plastiki. Haina jina wala namba. Kama ilianikwa chini wapitapo kuku, au kama panya waliinyea ghalani, ni nani atakayetangaza irudishwe? Hakuna. Kwa hiyo mimi nasema kwamba kazi hiyo ni yetu sisi wenyewe, sokoni na jikoni.

Wewe unayepika, nunua pilipili nzima, uisage nyumbani kwa mikono safi na kinu safi. Itie katika sufuria mapema, ichemke pamoja na sombe au samaki. Usiinyunyize mbichi juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Maji yanayochemka huua vidudu hivi. Jua peke yake halitoshi.

Wewe unayeuza, anika pilipili yako juu ya meza, si chini, nawe uifunike. Panya wakiingia ndani yake, itupe yote. Najua ni hasara. Lakini anayeuza kitu akijua ni kibaya, atasemaje kwamba anampenda jirani yake?

Wengine hujibu, “Wazee wetu walikula hivyo hivyo, wala hawakufa.” Ndugu, tusisahau makaburi madogo. Mtu mzima huharisha siku chache akapona. Lakini kwa mtoto mdogo, hasa aliyedhoofika kwa malaria au kwa njaa, vidudu hivi huweza kuingia katika damu na kumwua.

Mtoto akiharisha, mnyweshe mara kwa mara maji haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Wala usimwachishe ziwa. Ukiona damu katika choo, homa kali, au macho yaliyobonyea, usingoje kesho. Mlete hospitali leo.