Je, Kompyuta Zetu Zimezeeka Kweli?

Wako wenzetu wasemao kwamba kompyuta zetu zimezeeka, ati wazazi wachangie nyingine. Mimi siafiki. Gunia la mahindi halipatikani bure, na ugonjwa wenyewe haujapimwa bado.

Basi litokalo Songea likijazwa mizigo isiyo na mwenyewe, litaupandaje mlima wa Lukumburu? Ndivyo ilivyo kompyuta. Kila iwashwapo, programu nyingi huamka zenyewe bila kuitwa, zikajigawia kumbukumbu. Kumbukumbu ikijaa, mashine huazima nafasi katika diski, nayo diski ni nzito mno. Hapo hata kuandika insha huwa taabu.

Kupima si kazi ngumu, mradi mwalimu ameruhusu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, orodha ya programu zianzazo pamoja na mashine huonekana hapo. Zikiwa 16, zima 8 (nasema kuzima, si kufuta!), washa mashine upya, kisha tazama muda kwa saa. Ikipata nafuu, mkosaji yumo katika hizo 8. Isipopata, yumo katika zilizobaki. Gawa nusu tena na tena: kwa mara 4 utamkamata, iwapo ni mmoja. Ila programu ya kuzuia virusi iacheni. Zikiwa mbili, hukaguana zenyewe kwa zenyewe, basi moja yatosha.

Nawaomba walimu watupe Jumamosi moja tu tuzipime zote, ndipo wazazi waitwe mkutanoni.