Projekta Sawa, Lakini Nani Atabonyeza?

Najua blogu imeota majani, msinirushie mawe, zamu za usiku zilinibana. Leo nimerudi na hasira kidogo. Ninaowalenga ni nyie wa nyumbani Moshi, hasa wewe baba mdogo, maana ndiye uliyeniandikia kwa niaba ya kamati.

Eti tuchangie projekta, skrini na laptopu ya kanisa, fungu langu mie pauni mia tatu, halafu vile vitabu vya Mwimbieni Bwana viende stoo kwa kuwa "siku hizi kila mahali wanaimba kwa skrini". Nikauliza swali moja tu: nani atabonyeza? Ukanijibu, "Kijana yeyote, ni kubonyeza tu mwanangu."

Ni kubonyeza tu! Hapo ndipo ulipoufukuza usingizi wangu.

Kijana yeyote wa huku ni mie. Ibada yetu ya Kiswahili hapa Reading ni mara moja kwa mwezi, kwenye ukumbi wa kukodi, na huu ni mwaka wa nne niko nyuma ya laptopu. Shahada ya uuguzi ninayo, lakini hili nilijifunza kwa kuaibika: slaidi inatakiwa ibadilike watu wakiwa bado wanamalizia maneno ya mwisho. Jicho la mwimbaji liko mbele ya mdomo wake. Ukisubiri wamalize, umewakata pumzi. Ukiwahi sana, umewanyang'anya mstari. Kwa hiyo na mie lazima niimbe, niujue wimbo, nimtazame mwimbishaji mdomoni, maana hakuna ajuaye kama kiitikio kitarudiwa mara mbili au mara sita (pambio likimkolea, hata yeye hajui). Ukitumia PowerPoint ni rahisi kujikuta unarudi nyuma slaidi moja moja kanisa zima likikusubiri. Programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama EasyWorship au OpenLP, zinakurusha kwenye kiitikio mara moja, ila mpaka wimbo uwe umeingizwa na kugawanywa vizuri, beti mbali, kiitikio mbali. Na hiyo ni kazi ya Alhamisi jamani, si ya Jumapili zikiwa zimebaki dakika tano.

Sasa niwape aibu yenyewe. Tulikuwa na ibada ya kumuaga mzee mmoja kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani. Nimetoka zamu asubuhi hiyo hiyo. Mwimbishaji kanitumia orodha ya nyimbo kwa WhatsApp nikiwa tayari nachomeka kebo. Wimbo mmoja haukuwemo kwenye kompyuta, nikauandika hapo hapo toka kwenye picha ya kitabu, kwa haraka, nikaruka ubeti wa tatu. Tulipofika pale, skrini inaonyesha ubeti wa nne, mwimbishaji anaimba wa tatu, nusu ya watu wanamfuata yeye, nusu wanafuata skrini. Kisha kimya. Watu karibu mia, kimya. Akabaki mmoja tu anaimba, mjane mwenyewe, kwa kichwa, mbele ya jeneza la mumewe. Vichwa vyote vikageuka nyuma kunitazama.

Mwisho wa ibada likatoka tangazo: "Mtusamehe, mitambo ilisumbua."

Mitambo haikusumbua chochote! Tuliosumbua ni mimi na mwimbishaji. Kazini kwangu muuguzi akikosea dozi hatusemi sindano ilisumbua. Tunaandika nani alifanya nini saa ngapi, na kuna dawa hazitoki mpaka wauguzi wawili wazihakiki. Kanisani tunapeana pole, na ibada inayofuata orodha inakuja tena dakika za mwisho.

Na yule mama ule ubeti wa tatu aliutoa wapi? Kitabuni, miaka na miaka. Nyie mnaotaka kuvipeleka stoo mnasemaje hapo?

Najua mtakachosema: huyu kashiba huko, anatunyima maendeleo. Msinielewe vibaya. Skrini ina faida. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kufunua kurasa, mgeni hana kitabu, na mama yangu mwenyewe herufi za kitabu hazioni tena, ana mtoto wa jicho. Lakini huyo huyo mwanga mkali unamsambaa machoni, kwa hiyo yale mawingu na maporomoko ya maji yanayotembea nyuma ya maneno, ambayo vijana wanayapenda sana, kwake ni ukungu mtupu. Anahitaji herufi nene nyeupe juu ya weusi, mistari minne, basi. Halafu kanisa letu na madirisha yake yale ya mashariki! Projekta haina mwanga mweusi wa kurusha. Pale panapoonekana peusi ni skrini tu isiyopata mwanga, na ikipigwa na jua la saa tatu maneno yote yanafifia. Kuna aliyekwenda kusimama pale saa hizo kabla ya kuandika bajeti? Umeme kukatika sisemi, mnaujua kuliko mie.

Na ile EasyWorship ya wizi ambayo yule kijana wa stationery kaahidi kuwawekea, hapana. OpenLP ni ya bure kihalali kabisa. Tuibe ili tuabudu? Kha!

Pauni mia tatu nimeshaziweka pembeni. Nataka majina mawili, si moja, ya watu wanaojua kuimba, kompyuta watajifunza. Wawe kwenye mazoezi ya kwaya kama waimbaji wengine, orodha waipate Alhamisi, na vitabu vibaki kwenye mabenchi. Desemba nakuja likizo, nitawafundisha mwenyewe siku tatu, sitaki posho.

Baba mdogo, majina mawili tu. Leo naingia zamu saa moja na nusu usiku, simu nitaizima. Jibu lako nitalisoma asubuhi.