TAHARIRI: SIMU ISITUTIE HOFU

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi kundi letu la WhatsApp limechangamka kuliko mkutano. Hilo si baya hata kidogo. Zamani bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa ilitufikia wakati mlanguzi keshaondoka na magunia. Leo tunaijua asubuhi ile ile.

Lakini lipo jambo lazima tuambiane. Kabla ya kilimo kuanza, sauti ya mtu asiyejulikana ilizunguka katika simu zetu, ikisema Dodoma haitapata mvua kabisa, na mwenye akili auze shamba mapema. Jamani, baadhi yetu walishaanza kutafuta dalali! Huyo msemaji ni nani? Mvua kaipimia wapi? Kila mwaka, kabla ya mvua zetu za msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri, na bwana shamba anao. Hata ukiwa mbaya, tutapanda mtama na uwele unaovumilia ukame. Ardhi ikishauzwa hairudi.

Jambo la pili ni picha. Kijana wetu aliyebaki hapa anaona wenzake wa Dar es Salaam wamesimama kando ya magari, naye anadhani maisha yake yamekwisha. Ndugu kijana, picha huonyesha mavuno, haionyeshi palizi. Na huenda gari lenyewe ni la mtu mwingine!

Mabadiliko si mageni kwetu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, wazee wetu waliacha maboma yao wakaanza upya vijijini. Mwaka 1973 TANU iliamua Dodoma iwe makao makuu, na tangu 2016 Serikali imehamia kweli; thamani ya ardhi imepanda na madalali wameongezeka. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikashuka vibaya. Wapo walioumia katika kila badiliko, tusidanganyane. Lakini waliovuka walivuka kwa kushikana: huyu katoa mbegu, yule katoa jembe, mwingine katoa debe la uwele. Matumaini yetu yametoka huko.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wote:

1. Anayeleta habari ya bei au mvua aseme kaipata wapi na lini. Asiyejua, asiisambaze.

2. Ujumbe wa "tuma hela kwa namba hii" usitii. Upeleke namba 15040 ya kuripoti utapeli.

3. Mwenzetu akipata msiba au shamba lake likikauka, asijadiliwe kundini. Aendewe nyumbani.

4. Wapo wanachama, hasa wazee na akina mama, wasio na simu janja. Nao wana kura sawa na wengine. Kwa hiyo mazungumzo ya kundini si maamuzi ya chama. Maamuzi ni ya mkutano. Kila habari muhimu ya kundini itaandikwa hapa ukutani, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Simu ni chombo kama jembe. Jembe hulima, na jembe hukata mguu wa asiyeangalia. Tuitumie kuitana kazini na kutiana moyo. Akili ya kuambiwa, changanya na yako.

UMOJA NI NGUVU!

Mhariri