C tatu za PCB si kiti cha udaktari

Makamanda, kijana wa Ruaha Mbuyuni aliyesomeshwa kwa vitunguu akipata C tatu za PCB, mtaa mzima unajua tayari: huyo daktari. Orodha ya waliochaguliwa ikitoka, jina hamna. Watu wanasema kafanyiwa figisu. Inawezekana, ila mara nyingi ni hesabu, na tuielewe kwanza ndio tujue tunadai nini.

Alama za NECTA kidato cha sita zina mipaka yake: 80 kwenda juu ni A, 70 ni B, 60 ni C, hata wenzako wapate nini. A ina pointi 5, C ina 3, kwa hiyo C tatu ni pointi 9 kati ya 15. Hizo ni za kuombea tu. Viti vya udaktari ni vichache, waombaji wakizidi chuo kinaanza kuchukua kutoka juu. Swali linakuwa wangapi wako mbele yako. Na kwa kuwa 60 na 69 zote ni C, watu kibao wanasimama hatua moja. Hapo ndipo minong'ono inapozaliwa.

India, kwenye mtihani wao wa kuingia udaktari, NEET, mtahiniwa anapewa alama na pia pasentaili: katika kila watahiniwa 100, wangapi wamepata sawa naye au chini yake. Pasentaili 90 siyo alama 90. Mtihani ukiwa mgumu kwa wote, unaweza kuipata kwa nusu ya alama. Nao wana vituko vyao: mwaka 2023, kwa wanaosomea ubingwa, kigezo kilishushwa hadi pasentaili sifuri!

Sisi tulishaonja. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu walipata sifuri. Serikali ikayafuta, yakapangwa upya na kutangazwa Mei 2013. Watoto wale wale, karatasi zile zile, madaraja mengine.

Halafu foleni haiulizi nani alikuwa na maabara na nani alichorewa majaribio ya kemia ubaoni.

Tunadai hivi: kila aliyeachwa aambiwe alikuwa wa ngapi, kati ya waombaji wangapi, na wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na pointi ngapi. Takwimu hizo chuo kinazo. Kama hakina, kilichaguaje?